Gereji Ikikupa Orodha Ndefu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi baada ya mkutano wa mwezi. Yamechapwa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu.



Tumeombwa kusema maneno machache juu ya motokaa kuukuu na gereji. Sisi tunaosema ni watu wanane wa karakana, na wengi wenu mwatujua. Katika mwaka 2021 kila mmoja wetu alitoa 65,000/-, tukanunua Mercedes-Benz E240 iliyoundwa mwaka 2003, kwa bei ya 520,000/-. Tulitaka motokaa ya kukodisha kwa arusi siku za Jumamosi, na ya kupokea wageni wa mazishi na sherehe. Hatukuinunua kwa fahari. Fedha zile zilikuwa akiba ya watu wanane wenye watoto shuleni, na mapato yake yana kazi iliyokwisha kupangwa kabla hayajafika mkononi.

Basi gereji moja, ambayo jina lake tunaliacha, ilitupa orodha ya matengenezo ya 322,000/-. Tukaipima orodha ile jambo kwa jambo, kama tunavyopima behewa linapoingia karakana. Ndugu kadhaa hapa wana motokaa za namna hii, nyingine ni Mercedes, nyingine BMW au Volvo, nao wametuuliza tulifanyaje. Hii ndiyo habari yenyewe.

Kwanza yafaa tujue kwa nini motokaa ya kitajiri iliyozeeka huleta orodha ndefu. Katika Kenya motokaa iliyopita miaka 8 hairuhusiwi kuingizwa kutoka nje. Kwa hivyo motokaa ya mwaka 2003 unayoiona leo Nairobi imekaa hapa nchini miaka mingi, nayo imepita katika mikono ya watu wengi. Wa kwanza alikuwa tajiri au mkubwa wa ofisi, naye aliipeleka kwa wenyewe ikatengenezwa kwa wakati. Wa pili alijitahidi. Wa tatu aliitia petroli tu. Wa nne ni wewe. Bei ya motokaa imeshuka kila ilipopita mkono, lakini bei ya spea haikushuka nayo. Umenunua kwa nusu milioni kitu ambacho spea zake ziliwekewa bei kwa ajili ya mtu wa milioni nyingi. Mtu asiyelijua jambo hili kabla ya kununua atalijua gereji.

Sababu ya pili ni macho ya watu. Ukiingia gereji na pikipiki, fundi hutazama pikipiki. Ukiingia na Mercedes, hukutazama wewe. Hajui kwamba mnamiliki gurudumu nusu kila mtu.

Sababu ya tatu ni ya kweli, nayo tusiifiche: motokaa ya miaka zaidi ya 20 ina makosa mengi kwa hakika. Mtu yeyote akiinua mguu wake atakuta mpira uliopasuka au oili inayotoka jasho. Kwa hivyo orodha ndefu si lazima iwe ya uongo. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Ingekuwa yote ni uongo tungeikataa yote na kwenda zetu. Ingekuwa yote ni kweli tungelipa au tungeuza motokaa. Lakini orodha huwa imechanganywa kama mchele na mawe, na mwenye njaa hana budi kuchambua.

Sasa sikilizeni orodha ile. Sisi tulipeleka motokaa kwa shida moja tu: gia ilikuwa ikipiga teke ikitoka ya pili kwenda ya tatu, na siku nyingine ilikwama gia ya pili, gari likaenda polepole kama trela. Tulirudishiwa mambo 9:

1. Giaboksi kufunguliwa na kufanywa upya: 145,000/-
2. Taiming belti: 18,000/-
3. Kusafisha injini ndani kwa dawa, na nozeli za petroli: 9,500/-
4. Plagi 12: 15,600/-
5. Diski za breki za mbele na pedi zake: 34,000/-
6. Mafuta ya breki: 4,500/-
7. Shokabsoba zote 4: 76,000/-
8. Boljointi za chini, mbele: 13,000/-
9. Gesi ya kupoza hewa, na chujio lake: 6,400/-

Jumla 322,000/-. Kwa watu wanane ni 40,250/- kila mtu. Tuliambiwa kazi ianze siku ile ile, maana gari "litakufa njiani".

Tulikaa tukazungumza. Mmoja wetu alisema tulipe yote, tukope katika sacco, kwa kuwa arusi tatu zilikuwa zimekwisha kuagizwa na amana ya watu tulikuwa nayo. Mwingine, ambaye mtoto wake alikuwa anaingia kidato cha kwanza mwezi wa Januari, alisema hana hata shilingi elfu kumi, na kama ni hivyo tuuze motokaa kama vyuma chakavu tugawane. Maneno yakawa makali. Urafiki wa miaka mingi ulikuwa karibu kuvunjika kwa ajili ya karatasi moja. Mwishowe tulipatana hivi: gari lisiguswe mpaka kila jambo katika orodha lijibu maswali manne.

Maswali yenyewe ni haya. Swali la kwanza: Ni nini kilichoonekana, na ni nani aliyekiona? Swali la pili: Je, kitu hicho kimo katika motokaa hii? Swali la tatu: Kikiachwa mwezi mmoja, ni mtu atakayeumia, au ni mfuko, au hakuna atakayeumia? Swali la nne: Je, kuna kazi ndogo inayoweza kujaribiwa kabla ya kubwa?

Tulitoa 3,500/- katika sanduku la mapato, tukamlipa fundi mwingine apime tu. Tulimwambia tangu mwanzo kwamba matengenezo hatapewa yeye. Neno hili lishikeni sana. Mtu anayepima akijua kwamba yeye ndiye atakayelipwa kutengeneza, jicho lake huwa na uzito upande mmoja, hata akiwa mtu mwema. Katika reli anayekagua behewa hapati chochote zaidi kwa kulikataa, na ndiyo maana neno lake huaminiwa.

Tuanze na giaboksi, maana ndiyo iliyokuwa karibu nusu ya fedha yote. Tuliuliza swali la kwanza: ni nani aliyeiona imekufa? Jibu: hakuna. Haikufunguliwa, mafuta yake hayakutolewa, wala karatasi ya mashine ya kusoma kompyuta ya gari haikuonyeshwa. Ilihukumiwa kwa kuendeshwa dakika tano.

Giaboksi ya motokaa hii ina gia 5, nayo hutawaliwa na kompyuta. Waya za kompyuta huingia kwa plagi ya plastiki iliyokaa ubavuni mwa giaboksi, yenye mipira midogo ya kuzuia mafuta. Mipira hiyo ikizeeka, mafuta hupenya katika plagi, hupanda ndani ya waya kidogo kidogo, na mwisho hufika katika sanduku la kompyuta lenyewe. Hapo kompyuta hupata habari za uongo, na kwa kujilinda huishika gia ya pili. Hii ni dalili ileile tuliyokuwa nayo. Ugonjwa huu ni maarufu katika giaboksi za namna hii, na plagi ni kitu kidogo.

Tena kuna jambo la mafuta. Hapo mwanzo kiwanda kilisema mafuta ya giaboksi hii ni ya maisha, hayana haja ya kubadilishwa. Baadaye kiwanda chenyewe kikaagiza yabadilishwe. Lakini neno la kwanza lilikwisha kuenea, na motokaa nyingi zimekwenda miaka bila kuguswa. Hata fimbo ya kupimia mafuta hazikupewa, ni kifuniko tu. Fundi mwenye kuijua kazi huwa na fimbo yake mwenyewe, na hupima mafuta yakiwa ya moto.

Fundi wetu wa kupima alichomoa plagi ile, akakuta mafuta. Akafungua sanduku la kompyuta, akakuta mafuta. Basi swali la nne likajibiwa: kuna kazi ndogo kabla ya kubwa. Mafuta mapya ya aina inayotakiwa, 9,600/-. Chujio na gasketi ya sufuria, 3,500/-. Plagi mpya, 2,000/-. Kazi pamoja na kusafisha sanduku, 5,000/-. Jumla 20,100/-. Gari liliacha kupiga teke. Hatusemi kila giaboksi itapona hivyo. Kama mle chini ya sufuria tungekuta vipande vya chuma, maneno yangekuwa mengine, na ile 145,000/- ingekuwa neno la kufikiriwa. Tunasema tu kwamba hakuna daktari anayekata mguu kabla ya kuutoa mwiba.

Jambo la pili, taiming belti. Hili lilianguka kwa swali la pili. Injini ya motokaa hii ina silinda 6 zilizokaa kama herufi V, nayo haina taiming belti hata kidogo. Ina mnyororo wa chuma ndani. Belti inayoonekana mbele ni nyingine, ya kuzungusha jenereta, pampu na mashine ya kupoza hewa, nayo haifiki 18,000/-. Tuliwauliza kama ndiyo waliyokusudia. Wakasema hapana, ni taiming belti. Ndugu, gereji inayokuuzia kitu ambacho gari lako halina, basi ama haikufungua boneti, ama inayo orodha moja ya kunakiliwa kwa kila anayekuja. Kwa vyovyote maneno yake mengine yapimwe mara mbili.

Lakini jambo la nne lilikwenda kinyume. Plagi 12 kwa injini ya silinda 6! Watu wawili kati yetu walisema huu ni wizi wa mchana. Tukafungua, tukahesabu. Ni kweli 12. Injini ile ina plagi mbili kwa kila silinda, ndivyo ilivyoundwa. Kadhalika ukiambiwa oili ya injini ni karibu lita 8, usipige kelele kwa kuwa Toyota ya jirani hula 4. Twawaambia hili ili msitoke hapa mkidhani kila hesabu kubwa ni ya mwizi. Asiyejua motokaa yake humkosea fundi mwaminifu kama vile anavyoibiwa na mwongo. Plagi zilikuwa zimechakaa, lakini injini haikukosa moto, kwa hivyo tulizisogeza mpaka mshahara uliofuata. Tukazitia zote 12, 15,600/-.

Kusafisha injini kwa dawa tulikataa. Tuliuliza ni dalili gani iliyoonekana, wakatujibu kwamba "ni vizuri kwa gari kuukuu." Dawa hiyo ni mkate wa gereji nyingi, kwa sababu haina spea wala jasho: chupa yamiminwa, saa moja yapita, na hakuna anayeweza kuona ndani. Kwa injini iliyozeeka ina hatari pia, maana uchafu uliolala miaka mingi ukiamshwa ghafla huweza kuziba njia ya oili. Injini kuukuu hutunzwa kwa oili nzuri inayobadilishwa kwa wakati, na hiyo ndiyo dawa tuliyoichagua.

Sasa breki. Hapa tuseme polepole.

Diski ya breki huwa imechapwa ukingoni namba ya wembamba wa mwisho, kwa milimita. Fundi akikuambia diski zimekwisha, mwambie akuonyeshe namba ile, kisha akuonyeshe kipimo. Sisi tu watu wa maikromita, tulipima wenyewe mahali panne katika kila diski. Zilikuwa zimebakiza zaidi ya milimita moja juu ya namba ile, na hazikupinda wala kupasuka. Pedi zilikuwa nyembamba kweli. Basi tulinunua pedi tu, na pamoja na kazi ilikuwa 11,000/-. Tumeandika katika daftari kwamba pedi zitakapobadilishwa tena, diski nazo zitakuwa zimefika.

Mafuta ya breki tulikubali bila neno, 4,500/-. Mafuta hayo huvuta unyevu kutoka hewani, na kiwanda chataka yabadilishwe kila miaka 2. Yakiwa na maji, huchemka breki zikipata moto mwingi, na mguu wako hukanyaga hewa. Fikiri umepakia bibi arusi na wazazi wake, mwateremka bonde la Mai Mahiu nyuma ya malori. Hapo si mahali pa kukumbuka kwamba uliokoa shilingi elfu nne na mia tano.

Na hapa twataka kuwaonya wale wanaokimbilia fundi wa kando ya barabara kwa kila jambo. Breki za E240 za mwaka ule hazifanani na za motokaa nyingine. Ni za umeme, zina pampu inayojijaza nguvu yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Kiwanda kiliita magari hayo kwa mamia ya maelfu katika mwaka 2004, kikayaita tena mwaka 2005, na mwaka 2006 kikauacha mtindo huo katika aina hii ya motokaa. Kabla ya kutoa pedi, pampu hiyo lazima ilazwe kwa mashine. Isipolazwa, mtu akifungua mlango tu yaweza kuamka na kusukuma pistoni, na vidole vya fundi vikawa katikati. Kwa hivyo kazi hii tuliilipia mahali penye mashine na mtu anayeijua. Rahisi ni ghali, na kidole cha mtu hakina spea hata Kirinyaga Road.

Shokabsoba: orodha ilitaka 4. Tukatazama. Ya mbele kushoto ilikuwa imelowa mafuta yanayotiririka mpaka chini. Ya kulia ilikuwa kavu. Za nyuma mbili zilikuwa kavu, na gari likibonyezwa nyuma lilirudi mara moja na kutulia. Shokabsoba hubadilishwa mbili mbili kwa ekseli moja, ili gari lisivute upande. Kwa hivyo tulikubali mbili za mbele, 38,000/-, mwezi wa pili. Hili ndilo tunaloliita neno la nusu kweli, nalo ndilo gumu kuliko yote. Uongo mtupu ni rahisi kuukamata. Nusu kweli huja na ushahidi mkononi, hukuonyesha moja iliyokufa na kukulipisha nne.

Gesi ya kupoza hewa tuliiacha. Gesi hiyo haiishi kama petroli, huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, pana tundu. Anayetaka kuongeza gesi bila kutafuta tundu anakuuzia gesi ya mwezi huu, na ya mwezi ujao pia. Chujio tulilitia wenyewe kwa dakika chache.

Tumebakiza namba 8, boljointi, 13,000/-. Tumeiacha nyuma kwa makusudi.

Tuliinua gari kwa jeki, tukaweka stendi chini, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Mtu mmoja alishika gurudumu juu na chini akalitikisa, mwingine akaweka kidole penye kiungo. Upande wa kulia palikuwa imara. Upande wa kushoto kiungo kilicheza, na mpira wa kukifunika ulikuwa umepasuka, grisi imekwisha, mchanga umeingia. Kiungo hicho ndicho kinachoshika gurudumu. Kikichomoka, gurudumu hulala chini ya gari, na usukani mkononi mwako huwa kama sahani.

Ndugu zangu, lioneni jambo hili vizuri. Katika karatasi ile kitu cha kuua mtu kilikuwa namba 8, kwa 13,000/-, kimezikwa chini ya giaboksi ya 145,000/- na belti isiyokuwako. Ubaya wa orodha ndefu si kwamba inakula fedha tu. Orodha ndefu inaficha hatari. Mtu asiyekuwa na 322,000/- hufanya nini? Hukunja karatasi, hutia mfukoni, huwasha gari na kwenda zake na kiungo kibovu. Amekataa uongo, na kweli ameikataa pamoja nao. Wangapi wamekwenda hivyo barabarani, hatuwezi kuwahesabu.

Katika reli behewa lenye hitilafu ya breki au gurudumu halitoki yadi, hata mzigo ukiwa wa nani. Lenye bati lililobonyea hutoka, na huandikwa lirudi zamu yake ikifika. Sisi tuliigawa orodha ile kwa desturi hiyo. Mshahara wa kwanza tulifanya boljointi zote mbili, pedi, mafuta ya breki, na giaboksi: 48,600/-, ambayo ni 6,075/- kila mtu. Mshahara wa pili tulifanya plagi na shokabsoba za mbele: 53,600/-, ambayo ni 6,700/- kila mtu. Jumla ya matengenezo yote 102,200/-. Mwenzetu mwenye mtoto wa kidato cha kwanza alilipa sehemu yake na karo pia. Arusi zote tatu zilipelekwa.

Sasa maneno juu ya sheria, kwa kuwa wengi hudhani gereji haina sheria. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa kila mnunuzi haki ya kazi nzuri na ya kuambiwa habari zinazomwezesha kufaidika. Tena iko Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012, nayo ina sehemu nzima juu ya utengenezaji wa motokaa. Yataka mtengenezaji akupe makadirio kabla ya kazi. Akikwisha kukupa, asikudai zaidi ya makadirio yale kwa kupita asilimia 10. Asifanye kazi usiyoikubali. Na spea alizozitoa ni zako, lazima akubali kukurudishia. Hili la mwisho ni la maana sana. Sema kabla kazi haijaanza: "Vitu vya zamani nitavichukua." Fundi mwaminifu atakuwekea katika boksi. Mwingine atakohoa.

Makadirio yawe ya maandishi, kila kitu mstari wake, spea mbali na kazi mbali. Mstari unaosema "matengenezo ya mbele, 60,000/-" si makadirio, ni sadaka inayoombwa. Na spea ikiwa yatoka Grogan au Industrial Area, risiti itaje ni mpya, ni ya kiwanda, au imetolewa katika gari lililovunjwa. Zote zina mahali pake, lakini bei si moja, na usilipe ya mpya kwa ya kuvunjwa.

Kabla hatujamaliza, twataka kusema neno kwa ajili ya mafundi. Sisi ni chama cha wafanyakazi, na fundi wa gereji ni mfanyakazi kama sisi. Vijana wengi mle hawana mshahara wa mwezi. Hulipwa kwa kazi iliyoingia, au hupewa sehemu ya spea iliyouzwa. Siku isipoingia kazi hulala njaa. Mtu aliyewekwa hivyo atakutafutia kazi katika gari lako hata pasipo na kazi, na atakayefaidika zaidi ni mwenye gereji aliyekaa ofisini. Sisi tunaojua maana ya mshahara wa haki tusimtukane kijana yule. Tumlipe kazi yake vizuri, hata ile ya kupima peke yake, ambayo wengi hupenda iwe bure. Ukitaka ukweli wa bure, utauziwa spea ili ukweli ulipwe. Yule fundi wetu wa 3,500/- alituokolea zaidi ya laki mbili, na siku ile hakuna aliyemwona ghali.

Mwisho ni daftari. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu siku ile motokaa yetu ina daftari lake: tarehe, kilomita, kilichofanywa, nani alifanya, risiti imebandikwa. Gereji ikisema mafuta ya breki yamefika, twafungua ukurasa. Mtu mwenye daftari mkononi huzungumziwa kwa namna nyingine kabisa, nanyi mkitaka kuhakikisha, jaribuni.

Anayetaka kuliona daftari lile, pamoja na orodha yenyewe ya gereji, vyote viko kwa Katibu. Na ndugu yeyote aliyepewa karatasi kama ile na asiyejua la kufanya, aje karakana saa ya chakula kabla hajalipa. Jeki iko, stendi ziko, maikromita iko, na jambo la kwanza tutakalotikisa ni gurudumu.